Vipilefti vya Doha na majina tuliyovipa

Kwanza tukubaliane kuhusu neno lenyewe. Nyumbani kwetu, na kwa watoto wengi wa Kitanzania tuliokulia Doha, lile duara la katikati ya makutano ya barabara linaitwa kipilefti. Wakenya tuliosoma nao walikuwa wanasema raundabauti na kutucheka. Neno letu limetokana na kibao cha Kiingereza kilichokuwa kinasimamishwa pale katikati kumwambia dereva ashike kushoto. Sasa, Doha magari yanashika kulia. Kwa hiyo kila siku wazazi wetu walikuwa wanakizunguka kipilefti kwa upande ambao jina lake lenyewe linaukataza, na hakuna aliyeona ajabu. Dar unampisha anayetokea kulia kwako, hapa unampisha anayetokea kushoto. Mtu akirudi likizo kutoka Tanzania, siku mbili tatu za mwanzo alikuwa anaendesha kashikilia usukani kwa mikono miwili na redio kaizima.

Waarabu wanakiita dawwar, neno lenye shina moja na duara letu. Na taa za barabarani wanaziita ishara. Hilo sina haja ya kulitafsiri.

Kwenye kipindi kilichopita tuliwauliza mlikuwa mnamwelekeza vipi mgeni anayekuja kwenu. Karibu majibu yote yalianza na kipilefti: ukifika Oryx nyoosha, ukipita TV kata ya pili kulia. Wachache sana mlitaja jina la barabara. Na vingi kati ya vipilefti mlivyotaja, leo ukienda hukuti kitu. Kuna taa, au daraja la juu, au shimo la njia ya chini. Basi nataka nieleze vilitoka wapi, nani aliviondoa na kwa pesa gani, na sisi tulikuwa wapi wakati hayo yanaamuliwa.

Kabla ya mafuta, Doha ilikuwa mji mdogo wa wavuvi na wapiga mbizi wa lulu. Njia zake zilikuwa vichochoro, upana wa kupita punda na mzigo wake. Miongoni mwa waliovipita vichochoro vile walikuwa Waafrika walioletwa kwa nguvu, wengine kupitia Zanzibar, wakapigishwa mbizi na kutumikishwa majumbani. Utumwa ulipigwa marufuku Qatar mwaka 1952 tu, yaani ndani ya umri wa mabibi zetu. Historia hiyo inaelezwa wazi kwenye nyumba ya Bin Jelmood, moja ya nyumba nne za makumbusho ya Msheireb, zilizofunguliwa mwaka 2015. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wanadhani Kiswahili kilifika Doha na mikataba ya walinzi na wahudumu wa hoteli. Watu wa pwani yetu walikuwa kwenye mji huu kabla haujawa na lami.

Mafuta yalianza kusafirishwa nje mwaka 1949. Pesa zikaingia, na kitu cha kwanza pesa zinachofanya kwenye mji mdogo ni kununua gari na kutafuta pa kulipitisha. Pale Musheireb ukatokea mtaa uliopewa jina la Kahraba, maana yake umeme, kwa sababu ndiko taa za umeme za barabarani zilikowaka kwanza nchini. Watu walikuwa wanatoka usiku kwenda kutembea tu chini ya taa. Mwaka 1963, mwaka wa migomo na maandamano makubwa nchini, ikaundwa kisheria Manispaa ya Doha, ile ambayo watu wote hapa, hata mafundi wa Kinepali, wanaiita baladiya. Uhuru ukaja tarehe 3 Septemba 1971. Februari 1972 Sheikh Khalifa bin Hamad akashika madaraka, na mwaka huohuo serikali ikawapa kazi wataalamu wa mipango miji kutoka London, kampuni ya Llewelyn-Davies, wachore Doha mpya.

Ukiitazama ramani waliyoiacha, mji umekaa kama kitunguu kilichokatwa nusu. Upande uliokatwa ni bahari. Maganda ni barabara za mzunguko, zenye herufi badala ya majina: A Ring iliyo karibu kabisa na soko na bandari ya zamani, kisha B, C, D, na baadaye sana E na F. Kutoka katikati zinachomoza barabara nyingine kuelekea nje, kama Salwa Road inayokwenda mpaka Abu Samra, kwenye mpaka wa Saudia. Na kila ganda linapokutana na barabara inayotoka katikati, pale ndipo pakawekwa kipilefti.

Kwa nini vipilefti na sio taa? Waliochora walikuwa Waingereza, na Waingereza walikuwa wametoka tu kukipenda upya kipilefti. Mwaka 1966 nchi yao iliweka kanuni kwamba gari lililo ndani ya duara lina haki ya kwanza, na linaloingia lisubiri. Kabla ya hapo magari yaliyokuwa yanaingia yaliweza kuyabana yaliyomo, duara zima likajifunga na hakuna wa kutoka. Kanuni hiyo moja ilifanya kipilefti kiwe chombo cha maana. Hakihitaji umeme wala askari, na gari halisimami bure usiku wa manane kusubiri taa nyekundu wakati hakuna mtu. Kwa mji wenye nafasi kubwa na magari machache kilikuwa jibu zuri, na mimi sioni sababu ya kuwalaumu. Mwaka 1970 Qatar nzima ilikuwa na watu wapatao 111,000.

Wa kuulizwa ni nani, lakini? Hapa ndipo hadithi inaponigusa, kwa sababu kuchora barabara pana juu ya ramani ni rahisi, ila chini ya ile kalamu kuna nyumba. Mitaa ya zamani ya ufukweni, kama Al Bidda na Rumaillah, ilisafishwa kupisha Corniche, majengo ya serikali na bustani. Wenye nyumba, Wakatari, walilipwa fidia, tena nono, wakapewa viwanja na mikopo nje kidogo, wakajenga nyumba kubwa zenye ukuta. Bila zile barabara za mzunguko maisha hayo yasingewezekana, maana kila kitu kikawa mbali, na kila kitu kikataka gari. Mitaa ya katikati iliyobaki, Musheireb, Najma, Al Ghanim, ikajaa wageni wanaopanga chumba, watu wanne, sita, wanane. Wengi wa wazazi wetu walifikia huko. Kwa hiyo mji ukagawanyika hivi: wenye magari wakakaa kwenye maganda ya nje, watembea kwa miguu wakabaki ndani.

Mama yangu anatoka Unguja, Ng'ambo, na yeye hili halimshangazi kabisa. Huko nako, katika miaka ileile, walifika wataalamu kutoka nje na ramani. Walitoka Ujerumani Mashariki, na ramani yao ni ya mwaka 1968. Mzee Karume akaamua zipite barabara mbili pana zinazokatana katikati ya Ng'ambo, na pembeni yake yasimame majengo ya ghorofa marefu, mengine karibu mita 300, ambayo watu waliyaita treni. Kwenye makutano pakawekwa nini? Kipilefti. Ndio Michenzani unayoiona leo. Nyumba za udongo zilizokuwa njiani zilivunjwa, na wananchi walikwenda kufanya kazi za kujenga taifa pale, wengine kwa kupenda na wengine kwa kuogopa. Karume aliuawa Aprili 1972, yaani wiki chache baada ya Sheikh Khalifa kushika madaraka huku. Miji miwili ya Bahari ya Hindi, mmoja wa kijamaa usio na pesa, mmoja wa mafuta, na yote miwili ilichorewa duara na watu waliotoka Ulaya bila mwenye nyumba kupigiwa hodi. Tofauti ni kwamba Doha fidia ilikuwa pesa taslimu, na Zanzibar ilikuwa fleti ambayo wengine waliisubiri kwa miaka.

Tofauti ya pili ni pesa zilipokatika. Mwaka 1975 serikali ya Qatar ilimwita mtaalamu wa Marekani, William Pereira, apange wilaya mpya kabisa kaskazini mwa ghuba, juu ya ardhi iliyochimbwa baharini na kumwagwa. Hiyo ndiyo Dafna, ambayo sisi tunaijua kama West Bay. Yeye ndiye aliyechora pia hoteli ya Sheraton, ile piramidi, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha bei ya mafuta ikaanguka, na kufika 1986 pipa lilikuwa linauzwa karibu dola 10. Kwa miaka mingi Sheraton ilisimama peke yake kwenye uwanja wa mchanga, barabara zimeshachorwa, nguzo za taa zipo, nyumba hamna. Nawaambia hili kwa sababu sisi tuliokuja baadaye tumezoea kufikiri kwamba Doha inajenga tu, haijawahi kusimama. Ilisimama. Qatar wananchi na wakazi hawalipi kodi ya mapato ya mshahara, kwa hiyo barabara ya hapa haisubiri kodi yako wala yangu, inasubiri bei ya mafuta na gesi. Hata majuzi tu, lile daraja kubwa la Sharq Crossing lililochorwa na Santiago Calatrava, la kuvuka ghuba nzima, lilitangazwa kwa shangwe mwaka 2013, bei za mafuta zikaporomoka, likawekwa kando.

Sasa majina.

Herufi za barabara zilikuwa za maofisa. Majina ya Kiarabu kwenye vibao yalikuwa marefu, na dereva wa teksi kutoka Kerala au Peshawar hakuwa na sababu ya kuyahifadhi, wala mama yangu. Barua zilikuja kwa sanduku la posta la kazini kwa baba. Kwenye jengo kulikuwa na kibao kidogo chenye namba, lakini hakuna aliyekitumia kumwelekeza mtu. Watu walishika kile kinachoonekana ukiwa ndani ya gari linalokwenda: duara na kilicho juu yake au kando yake. Duara lenye sanamu ya choroa likawa Oryx. Lililo karibu na televisheni ya taifa likawa TV. Lililo karibu na ofisi za uhamiaji likawa Immigration. Lenye matao, ambalo kwa maofisa lilikuwa Arch, mtaani likawa Rainbow. Wengine walikuwa wanataja duka la baga au wauza magari. Ramada yalikuwa ni makutano ya Salwa Road na C Ring, na jina lilitoka kwenye hoteli iliyopo pale. Hoteli imebadilisha jina zamani sana, sasa ni Radisson Blu, lakini mwambie dereva yeyote mwenye miaka ishirini Doha akupeleke Radisson Blu uone kama hatakuuliza: pale Ramada?

Angalieni nani aliyetoa majina hayo. Sio baladiya, na sio wizara. Yalitolewa na watu wanaotumia barabara: madereva, wapeleka vyakula, yaya anayempeleka mtoto shule, mlinzi anayemwelekeza mwenzake aliyeshuka jana na ndege kutoka Entebbe. Wahindi, Wafilipino, Wamisri na sisi tulikuwa tunatumia jina lilelile, kila mmoja kwa lafudhi yake. Kwa hesabu yangu hicho ndicho kitu pekee kwenye barabara za Doha ambacho wageni walikiamua.

Kwa sababu vingine vyote, hawakuamua. Mwaka 1999, tarehe 8 Machi, Qatar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza Kuu la Manispaa, wajumbe 29, mmoja kwa kila jimbo. Lilikuwa jambo kubwa Ghuba nzima, hasa kwa kuwa wanawake walipiga kura na kugombea. Wanawake sita waligombea na hakuna aliyeshinda. Mwaka 2003 Sheikha Yousef Al-Jufairi akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa. Wajumbe wanapeleka malalamiko ya jimbo: tuta hapa, taa pale, maji ya mvua yanatuama, lori za ujenzi zinapita mbele ya shule. Ila baraza lile kazi yake ni kushauri na kufuatilia. Halina bajeti yake ya barabara na halitungi sheria. Mwaka 2004 ikaundwa mamlaka ya kazi za umma, Ashghal, na kuanzia hapo barabara, madaraja na mifereji ikawa chini yake. Pesa zinatoka serikali kuu, na miradi mikubwa inaamuliwa juu kabisa.

Na wapiga kura ni raia tu. Wakatari ni kama mmoja kati ya watu tisa au kumi wanaoishi hapa. Sisi tuliozaliwa Hamad, tukasoma hapa, tukajifunza kuendesha gari hapa, hatumo. Silisemi hili kwa kulia. Nalisema kwa sababu binamu zangu wa Mombasa wakikasirishwa na shimo barabarani wanajua jina la MCA wao na wanamtukana mtandaoni mchana kweupe. Ami yangu wa Unguja anakwenda kwa sheha. Shimo huwa linabaki palepale, tuwe wakweli. Huku shimo linazibwa ndani ya wiki, na hujui hata aliyeamua lizibwe ni nani.

Kilichoviua vipilefti ni hesabu. Sensa ya mwaka 2004 ilihesabu watu 744,000 nchini. Sensa ya 2010 ikahesabu milioni 1.7. Miaka sita! Hakuna mji unaobaki na barabara zilezile baada ya hapo. Kipilefti kinafanya kazi magari yakija kutoka pande zote kwa kiasi kinachokaribiana. Upande mmoja ukizidi, tuseme wote wanaotoka Sanaiya asubuhi kwenda mjini, ule mkondo unaingia mfululizo na wa upande wa pili hawapati nafasi hata ya kuchomeka pua. Foleni yao inarudi nyuma mpaka kwenye kipilefti cha nyuma, nacho kinafunga. Taa haina akili kama dereva, lakini inaweza kumsimamisha mwenye nguvu ili mnyonge apite. Na kamera inamsaidia: tangu sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2007, kupita taa nyekundu ni riyali 6,000. Mshahara wa mlinzi wa miezi kadhaa.

(Sanaiya ni Industrial Area, kwa wale mnaotusoma mkiwa mbali. Shina lake ni moja na sanaa. Sanaa ya kule ni gereji na mabweni.)

Desemba 2010 Qatar ikapewa Kombe la Dunia, na pesa ambazo tayari zilikuwa zinatoka zikafunguliwa bomba. Mwaka 2017 waziri wa fedha wa wakati huo alisema nchi inatumia karibu dola milioni 500 kila wiki kwenye miradi ya kujiandaa, yaani barabara, reli, hospitali, viwanja. Kila wiki. Ashghal ikawa inavigeuza vipilefti kimoja baada ya kingine. Unalala, unaamka, kuna uzio wa plastiki wa rangi mbili, mishale, na njia ya kupita kwa muda ambayo wiki ijayo nayo imehamishwa. Kwenye gari letu kulikuwa na msemo kwamba ramani ya Doha inaharibika upesi kuliko maziwa.

Kuna waliosema ni kwa sababu ya Bahrain. Machi 2011, baada ya maandamano, serikali ya Bahrain ilikibomoa kipilefti cha Lulu, ikaweka makutano ya taa na jina jipya, na ikaiondoa hata sarafu ya fils 500 iliyokuwa na picha ya mnara wake. Mimi siamini kwamba Doha ilifuata sababu hiyo. Hapa duara halikuwa uwanja wa siasa, na foleni zilikuwa za kweli, mimi nilikaa ndani yake. Lakini mfano wa Bahrain unaonyesha kwamba mji ukipata mazoea ya kukutana sehemu fulani na kuiita kwa jina, sehemu hiyo haibaki tena saruji na nyasi tu.

Kisa cha Rainbow kinanipendeza zaidi. Pale makutano mapya ya Al Wahda yalipojengwa, yakawekwa matao mengine, makubwa, karibu mita 100 kwenda juu, na yakapewa jina la 5/6. Ni tarehe 5 Juni 2017, siku Saudia, Emirati, Bahrain na Misri zilipoikatia Qatar uhusiano na mpaka wa Abu Samra ukafungwa, na Salwa Road ikawa barabara inayoishia kwenye geti lisilofunguka mpaka Januari 2021. Duara ambalo watu waliliita upinde wa mvua kwa kuliangalia tu, likageuka mnara wa tarehe ya taifa. Dola imejifunza jambo ambalo madereva wa teksi walilijua zamani, kwamba mtu anakumbuka anachozungushwa.

Nisije nikaonekana nalilia vipilefti. Msichana mwenzangu mmoja kwenye podikasti anavilia kweli na tumegombana hewani. Mimi nauliza: ulishawahi kukivuka kwa miguu? Kipilefti kikubwa cha njia tatu hakina wakati ambao magari yote yamesimama. Kanuni yake nzima ni kwamba magari yasisimame. Anayetoka kazini saa nne usiku, amevaa sare ya ulinzi nyeusi, anatakiwa kukimbia kutoka ukingo hadi nyasi, na kutoka nyasi hadi ukingo, na kiatu cha kazi. Watu wamekufa hivyo, na wengi wao ni watu wa namna ya wazazi wetu. Taa ina mtu wa kijani. Ni sekunde chache na joto la Julai linakuchoma ukiisubiri, lakini ni zako. Kama kuna uamuzi wa barabara uliowasaidia wanaotembea bila wao kuulizwa, ni huo, japo sidhani kama ulifanywa kwa ajili yao.

Halafu ikaja metro. Njia Nyekundu ilifunguliwa tarehe 8 Mei 2019, ya Dhahabu Novemba, ya Kijani Desemba. Stesheni 37, na safari moja ni riyali 2, tena kuna mabasi ya bure ya kukufikisha stesheni. Kwa waliokua wakisubiri basi la Karwa juani kwenye stendi ya Al Ghanim, hiyo sio habari ndogo. Kwa mara ya kwanza baba alitoka Najma akafika Wakra bila kuomba lifti kwa mtu. Na kuanzia tarehe 1 Novemba 2022 mpaka Kombe la Dunia lilipokwisha, barabara ya Corniche ilifungwa kwa magari kabisa. Ile barabara iliyovunjiwa mitaa ili magari yaone bahari, kwa wiki saba ilikuwa ya miguu. Tulitembea katikati ya lami tukila mahindi. Kisha magari yakarudi, na hakuna kikao cha wakazi kilichoitishwa kujadili kama yarudi.

Metro imeleta majina mapya yenye vibao vikubwa, na kijana wa miaka kumi leo anakuelekeza kwa stesheni. Baadhi ya majina yametunza kitu. Al Doha Al Jadeda maana yake Doha Mpya, na ni mtaa mkongwe. Al Matar Al Qadeem ni Uwanja wa Ndege wa Zamani, na ndege zilishahamia Hamad tangu 2014. Msheireb ndiyo kituo ambapo njia zote tatu zinakutana. Juu yake, mtaa ule wa kupanga vyumba ulivunjwa wote, ekari kwa ekari, na kuanzia Januari 2010 pakajengwa mji mpya wa hekta 31 wenye vichochoro vya kivuli vilivyopimwa kwa upana wa zamani, na tramu ndogo. Vichochoro vimerudi. Waliokuwa wamepanga humo wamehamia mbali, na wengine wanarudi kila asubuhi na sare, kulinda.

Tangu sheria ya anwani ya taifa ya mwaka 2017, kila mtu anatakiwa kujiandikisha kwa namba ya eneo, mtaa na jengo. Ni jambo jema, gari la wagonjwa linafika. Mama anayo kwenye simu yake na hajaikariri. Juzi alikuwa anamwelekeza khalati yetu aliyefika kutoka Unguja, akamwambia amwambie dereva ampitishe Immigration, halafu TV, halafu akate kulia. Dereva alikuwa kijana wa Kiganda mwenye miezi mitatu Doha, hakujua chochote kati ya hivyo. Wakapigiana simu mara nne.

Tunaandika orodha. Tunataka jina la kipilefti mlivyoliita nyumbani kwenu, hata kama lilikuwa la familia yenu tu, lugha iliyotumika, kilikuwa wapi kwa makadirio, na mwaka wa mwisho unaokumbuka kukizunguka. Hadi sasa tuna majina 41, na saba kati yake yanagombaniwa: watu wa Wakra wanasema Oryx ni kimoja, watu wa Gharrafa wanasema ni kingine. Tuma sauti au maandishi, Kiswahili cha namna yoyote, hatusahihishi. Kipindi kijacho tutamhoji dereva wa basi la shule aliyestaafu, ambaye anasema kuna duara moja kule Najma halijawahi kupewa jina na mtu yeyote, na anataka kujua kwa nini.